London: Mji Uliojifunza Kuhesabu Wagonjwa Wake

Wakenya wanaozuru London aghalabu hurudi nyumbani na picha zile zile: saa ya Big Ben, Daraja la Tower, kasri ya Buckingham na yale mabasi mekundu ya ghorofa. Si vibaya. Lakini iko London nyingine ambayo haichapishwi kwenye kadi za posta, nayo yaweza kutembelewa kwa siku moja tu, kwa treni ya chini ya ardhi na kwa miguu. Ni London ya bomba la maji lisilo na mpini, ya hospitali iliyo kando ya mto, ya dirisha moja la orofa ya pili, na ya lango ambalo mgeni haruhusiwi kulipita.

Mtu akivifuata vituo hivyo vinne kwa utaratibu wa miaka, anapata hadithi moja. Ni hadithi ya jinsi watu walivyojifunza kuhesabu maradhi, kwanza mitaani, kisha ndani ya hospitali zenyewe, mpaka wakafikia kuyahesabu yale yanayotisha zaidi leo: maambukizi ya viini sugu, ambavyo dawa tulizozizoea haziviui tena. Kila mzazi aliyewahi kumlaza mtoto wodini, na kila mwanafunzi aliyewahi kununua vidonge vinne dukani bila cheti cha daktari, ana sehemu yake katika hadithi hiyo.

Mwenyeji wangu katika safari hii alikuwa binti wa kwetu anayefanya kazi ya uuguzi katika hospitali moja ya huko. Wauguzi wetu si wachache London, na mwaka wa 2021 serikali ya Kenya na ile ya Uingereza zilitiliana saini mkataba wa kuwawezesha wengine kwenda. Siku hiyo alikuwa na likizo, naye akaamua kuitumia kunionyesha asili ya kazi yake.

BOMBA LISILO NA MPINI

Tulianzia kituo cha Oxford Circus. Ukitoka juu unakutana na umati wa wanunuzi. Unaupa mgongo na kuingia katika vichochoro vya Soho, mtaa wa mikahawa na kumbi za maonyesho. Mwendo wa dakika chache unakufikisha Broadwick Street, ambayo zamani iliitwa Broad Street. Kando ya njia limesimama bomba la chuma la kupampu maji, nalo halina mpini. Watu wengi hulipita bila kugeuza shingo.

Usiku wa Agosti 31, 1854 kipindupindu kiliuvamia mtaa huu. Katika muda wa siku kumi hivi watu zaidi ya 500 walikuwa wamekufa. Wakati huo madaktari wengi waliamini kwamba ugonjwa huo huletwa na hewa chafu. Daktari John Snow hakuafikiana nao. Alikwenda katika afisi ya usajili, akapata orodha ya waliokufa, kisha akapita nyumba hadi nyumba akiuliza jambo moja: maji yenu mnayateka wapi?

Majibu yalimwelekeza kwenye bomba la Broad Street. Karibu na hapo palikuwa na nyumba ya kuwahifadhi maskini yenye wakazi 535, na waliokufa humo ni watano tu. Nyumba hiyo ilikuwa na kisima chake. Wafanyakazi wa kiwanda cha pombe kilichokuwa jirani hawakufa. Wao walikunywa pombe waliyogawiwa kazini. Mnamo Septemba 8 wakuu wa mtaa waling'oa mpini wa bomba. Kwa kweli ugonjwa ulikuwa umekwisha kuanza kupungua, lakini ushahidi ulikuwa umepatikana. Bomba lililopo leo ni mfano tu wa lile la kale, nalo limeachwa bila mpini kwa makusudi.

"Kaka, huyu bwana hakukijua kiini chenyewe," mwenyeji wangu aliniambia. "Silaha yake ilikuwa orodha ya majina na viatu vya kutembelea."

TAA NA TAKWIMU

Kutoka Oxford Circus, reli ya Bakerloo, ambayo kwenye ramani ina rangi ya kahawia, inakupeleka Waterloo. Hapo unatembea hadi kando ya Mto Thames, kwenye Hospitali ya St Thomas', inayotazamana na Bunge ng'ambo ya mto. Katika bustani ya hospitali imesimama sanamu ya Mary Seacole, mwanamke wa Jamaica aliyewahudumia askari katika vita vya Crimea. Sanamu hiyo ilizinduliwa mwaka wa 2016, zaidi ya karne moja baada ya kifo chake. Katika uwanja huo huo kuna jumba la makumbusho la Florence Nightingale, na mgeni anayetaka kuingia aulize kwanza siku za kufunguliwa.

Shuleni tulifundishwa kuhusu Nightingale mwenye taa. Nightingale mwenye kalamu hatukuambiwa sana. Alipofika katika hospitali ya jeshi huko Scutari, Uturuki, mnamo Novemba 1854, alikuta majeruhi wamelala katika uchafu. Baadaye alizikusanya hesabu za vita vile. Katika mwezi wa Januari 1855 peke yake, askari 2,761 walikufa kwa maradhi ya kuambukiza, hali waliokufa kwa majeraha ya vita walikuwa 83. Risasi ya adui haikuwa hatari kubwa kama kitanda cha hospitali.

Nightingale alizichora hesabu hizo kwa michoro ya rangi ili hata mbunge asiyependa tarakimu aone kwa jicho moja. Mwaka wa 1858 alichaguliwa kuwa mwanamke wa kwanza katika Chama cha Takwimu cha London. Kisha akapendekeza kwamba hospitali zote ziwe na fomu ya aina moja ya kuandikia nani amelazwa, kwa ugonjwa gani, na ametoka hai au maiti. Hospitali kadhaa zilijaribu, halafu zikaliacha jambo lenyewe. Lilionekana kuwa ni kazi nyingi na gharama isiyo na faida. Hospitali ilijulikana kuwa mahali pa kuponyea, na hakuna aliyependa kuandika kwamba ndimo ugonjwa ulimoshikia.

DIRISHA LA PRAED STREET

Reli ile ile ya kahawia inaendelea hadi Paddington. Nje ya kituo kuna Praed Street, barabara yenye magari mengi, na kwenye barabara hiyo ipo Hospitali ya St Mary's. Inua macho. Ukutani kuna kibao kinachoeleza kwamba Alexander Fleming aligundua penisilini katika chumba kilicho juu yake. Chumba chenyewe ni kidogo. Mwaka wa 1993 kilitengenezwa upya na kufanywa makumbusho, lakini dirisha na kibao vyatosha kumsimamisha mpita njia.

Mnamo Septemba 1928 Fleming alirejea kutoka likizoni akakuta kuvu imeota katika kisahani kimoja cha viini alichokiacha mezani. Kuizunguka kuvu ile, viini vilikuwa vimekufa. Iliwachukua wengine, akina Howard Florey na Ernst Chain wa Oxford, zaidi ya miaka kumi kuigeuza kuwa dawa ya kumtibia mtu. Wote watatu walitunukiwa Nobeli mwaka wa 1945.

Desemba mwaka huo, alipohutubia huko Stockholm, Fleming hakujisifu. Alitoa onyo kwa mfano wa bwana mmoja wa kubuni mwenye maumivu ya koo. Bwana huyo ananunua penisilini mwenyewe, anaitumia kidogo, haiuwi viini bali inavifunza kuizoea. Kisha anamwambukiza mkewe. Mke anashikwa na nimonia, anapewa penisilini, haimfai kitu, na anafariki. Fleming akauliza ni nani aliyemwua mama huyo.

Onyo halikungoja muda mrefu. Katika Hospitali ya Hammersmith, upande wa magharibi wa mji, Dkt. Mary Barber alikuwa akivihesabu viini vinavyoitwa stafilokoka, ambavyo hukaa puani na kwenye ngozi na huingia katika vidonda na damu. Mwaka wa 1946, katika kila 100 alivyovipima, takriban 14 havikuuawa na penisilini. Kufikia 1948 vilikuwa 59. Miaka miwili tu, msomaji! Kama asingehesabu, madaktari wangeendelea kuchoma sindano ile ile na kushangaa kwa nini wagonjwa hawapati nafuu.

Hakuna uchawi hapa. Viini huzaana kwa kugawanyika, vingine kila baada ya dakika 20. Katika mamilioni hayo huzaliwa kimoja kilicho tofauti kidogo, chenye ngao. Dawa inapoua wenziwe wote, hicho hubaki na uwanja mtupu, kikazaa wenye ngao kama yeye. Hospitali, yenye dawa nyingi na wagonjwa wanyonge waliolala karibu karibu, ni shamba zuri mno kwake.

LANGO LA COLINDALE

Kituo cha nne kiko mbali kidogo. Kutoka Paddington tulibadilisha treni King's Cross tukashika reli ya Northern, yenye rangi nyeusi. Karibu na Golders Green treni inatoka chini ya ardhi na unaziona nyumba za familia zenye bustani ndogo ndogo na nguo zilizoanikwa. Baada ya Hendon Central unashuka Colindale. Sisi wa magazeti tulikuwa na sababu nyingine ya kuujua mtaa huu: mpaka mwaka wa 2013 ndipo ilipokuwa maktaba ya taifa ya magazeti ya Uingereza.

Hapo hapo kwenye Colindale Avenue kuna maabara kuu za afya ya umma, ambazo tangu 2021 zimo chini ya Shirika la Usalama wa Afya la Uingereza. Lina ulinzi, na mgeni huishia langoni. Haidhuru. Yaliyomo yanajulikana.

Kwanza kuna hazina ya viini, iliyoanzishwa mwaka wa 1920 na kuhamishiwa Colindale baadaye. Maelfu ya aina za bakteria yamehifadhiwa humo, yakiwa yamekaushwa kwa baridi ndani ya vichupa vya kioo vilivyozibwa. Nambari moja katika orodha ni kiini cha kuhara damu kilichotoka kwa askari Ernest Cable, aliyefariki Machi 1915 katika hospitali ya kijeshi huko Wimereux, Ufaransa. Karibu miaka 100 baadaye, wanasayansi walikifufua na kukichunguza, na mwaka wa 2014 wakatangaza kwamba kilikuwa na usugu dhidi ya penisilini. Askari huyo alikufa miaka 13 kabla ya Fleming kuiona kuvu yake. Yaani ngao ilikuwapo kabla ya mkuki. Sisi hatukuuleta usugu duniani. Kazi yetu imekuwa kuulisha na kuunenepesha.

Pili, ni hapa Colindale ambapo Patricia Jevons alifanya kazi yake. Penisilini ilipozoeleka, ilitengenezwa dawa mpya, metisilini, ikaanza kutumiwa mwaka wa 1959. Hospitali za nchi nzima zilikuwa na desturi ya kutuma stafilokoka zao Colindale, na Jevons aliamua kuzipima zote kwa dawa hiyo mpya. Katika sampuli zaidi ya 5,000 alizipata tatu zilizokuwa sugu, zote kutoka hospitali moja ya kusini mashariki mwa nchi. Alitangaza jambo hilo Januari 1961. Ulimwengu baadaye ulikijua kiini hicho kwa herufi MRSA, na kikaenea hospitali za kila bara.

Tatu katika elfu tano ni sindano ndani ya gunia la mtama. Ilionekana kwa sababu kulikuwa na mahali pamoja ambapo sampuli za taifa zima zilikutana, na mtu aliyekuwa tayari kuzipima moja baada ya nyingine.

Upimaji wenyewe si mgumu kuueleza. Mgonjwa anapokuwa na homa kali, damu yake kidogo hutiwa katika chupa yenye chakula cha viini, na chupa huwekwa mahali penye joto la mwili. Kama kuna viini, vitaota. Huhamishiwa kwenye kisahani chenye agari, kitu kinachoganda kama jeli na kinachotokana na mwani wa baharini. Juu yake hupangwa vidonge vidogo vya karatasi vilivyolowekwa dawa mbalimbali. Kesho yake fundi wa maabara huja na rula. Pale dawa ilipofanya kazi kuna duara tupu, kama uwanja uliofagiliwa. Pale iliposhindwa, viini vimeota mpaka ukingoni mwa karatasi. Daktari anajua dawa ya kutoa, na taifa linajua adui amefika wapi, mradi jibu hilo lisiishie katika faili ya mgonjwa mmoja.

MIKONO MITUPU HADI KIWIKO

Hapa ndipo penye funzo kubwa la safari yote. Kwa miaka mingi hospitali za Uingereza zilituma hesabu zao kwa hiari. Zilizopenda zilituma, zilizoona haya zilinyamaza. Mnamo Aprili 2001 serikali ililazimisha kila hospitali ya umma ya England iripoti kila mgonjwa aliyepatikana na MRSA ndani ya damu. Hesabu zikachapishwa, na si hesabu ya jumla tu, bali kila shirika la hospitali kwa jina lake.

Je, maambukizi yalipungua? La. Yalizidi kupanda, na katika mwaka wa fedha wa 2003/04 yalifika visa 7,700. Kuhesabu bila mtu wa kujibu ni kama kuhesabu mbuzi kila asubuhi na kuliacha zizi wazi kila usiku. Mwaka wa 2004 waziri wa afya aliamuru visa hivyo vipunguzwe kwa nusu ifikapo 2008, na wakuu wa hospitali wenyewe wakawa ndio wenye kuulizwa.

Ndipo mambo yakabadilika. Dawa ya kusafishia mikono iliwekwa karibu na kila kitanda. Mipira ya kupitishia dawa kwenye mishipa na ile ya mkojo ikawa haiwekwi ovyo, na ikiwekwa huandikwa tarehe na kutolewa mapema. Wagonjwa wa kupasuliwa walianza kupimwa pua na ngozi kabla ya kulazwa. Tangu 2008 madaktari na wauguzi walitakiwa wawe na mikono mitupu hadi kiwiko wanapomhudumia mgonjwa: hakuna saa, hakuna bangili, hakuna lile koti jeupe la mikono mirefu.

"Siku yangu ya kwanza wodini nilivuliwa saa kabla hata sijasalimiwa vizuri," mwenyeji wangu alisema akicheka, akinionyesha saa yake ndogo ambayo huibandika kifuani kama beji. "Nikadhani wananidharau. Kumbe dada mkuu wa wodi ana hesabu ukutani, na kila siku inayopita bila maambukizi huongezwa moja. Hataki mgeni amharibie."

Sasa tazama hesabu zenyewe. Visa 7,700 vya 2003/04 vilishuka hadi 2,935 katika 2008/09, na 924 katika 2012/13. Pale palipokuwa na wagonjwa 100 wenye kiini hicho ndani ya damu, walibaki 12. Nyuma ya kila tarakimu iliyopungua kuna mama aliyerudi nyumbani na mtoto wake mchanga, au mzee aliyepasuliwa nyonga akatembea tena.

Hata hivyo, tusidanganyane. Mwaka wa 2011 England ilianza kuhesabu kwa lazima maambukizi ya damu yanayoletwa na kiini kingine, E. koli, ambacho kikwao ni matumboni mwetu. Hicho hakikushuka kama kile cha kwanza. Visa vyake vimepita 40,000 kwa mwaka. Sababu yake ni kwamba wengi wa wagonjwa hao huambukizwa nje ya hospitali, mara nyingi kutokana na ugonjwa wa njia ya mkojo uliotibiwa vibaya au kuchelewa kutibiwa. Sabuni ya wodini haifiki jikoni wala chooni mwa mtu. Mwaka wa 2017 viini vya klebsiela na sudomonasi viliongezwa katika orodha ya lazima. Vita havijaisha, lakini angalau anayepigana anajua yuko wapi.

HUKU KWETU

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni mambo ya matajiri. Asiyekubali aende Kilifi. Katika hospitali ya wilaya ya huko, watafiti wa KEMRI na wenzao walianza mnamo 1998 kuchukua damu ya watoto waliolazwa na kuiotesha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2005 yaliwashtua wengi. Tulizoea kusema kwamba homa ya mtoto wa Pwani ni malaria. Kumbe asilimia 26 ya vifo vya watoto hospitalini humo vilikuwa vya watoto wenye bakteria ndani ya damu. Hesabu hizo hizo za Kilifi ndizo zilizoonyesha, baada ya chanjo ya nimokoka kuanza kutolewa nchini mwaka wa 2011, kwamba maradhi makali ya aina za nimokoka zilizomo katika chanjo yalipungua kwa asilimia 92 miongoni mwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mkenya naye anaweza kuhesabu, na hesabu yake ikaokoa.

Taabu ni kwamba Kilifi ni moja. Uchunguzi uliofanywa katika nchi 14 za Afrika, Kenya ikiwemo, na kutangazwa mwaka wa 2022, uligundua kwamba ni asilimia 1.3 tu ya maabara zilizoweza kuotesha na kupima bakteria. Zilizobaki hupima malaria, mkojo na wingi wa damu. Kwa hiyo daktari wa zamu, mbele ya mtoto anayewaka homa, hulazimika kubahatisha. Anatoa dawa kali ili asikose, na dawa kali ikizoeleka inafuata njia ya penisilini.

Kenya ilitangaza sera ya taifa kuhusu usugu wa dawa mwaka wa 2017, na ni miongoni mwa nchi zilizojiunga na mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kukusanya hesabu hizo, ulioanzishwa mwaka wa 2015. Maabara ya kitaifa ya rufaa iko Nairobi. Uingereza nayo ilianzisha mwaka huo wa 2015 mfuko wa kusaidia maabara katika nchi kama zetu, ikauita kwa jina la Fleming. Mwaka wa 2025 ilitangaza kwamba inauvunja, kwa kuwa pesa za misaada zimepunguzwa. Cha kuazima hakisitiri matako, walisema wahenga. Taifa linalotegemea mfadhili kujua nini kinawaua watoto wake litabaki gizani siku mfadhili akikunja mkoba.

Dunia nzima imeonja uchungu huu. Katika mwaka wa 2019 peke yake inakadiriwa kwamba watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na kadiri ya vifo kwa idadi ya watu ilikuwa kubwa zaidi katika Afrika kusini mwa Sahara. Nasema inakadiriwa kwa kuwa katika nchi nyingi hakuna aliyehesabu. Wataalamu walikisia kutokana na zile chache zilizohesabu.

Yapo ambayo familia inaweza kuyafanya bila kungoja serikali. Antibiotiki haitibu mafua wala kikohozi cha kawaida, kwa hiyo usimshurutishe daktari akuandikie. Usinunue bila cheti; ni kinyume cha sheria, hata kama kemisti wa mtaani ni rafiki yako. Meza kwa kipimo na kwa siku ulizoagizwa, usimgawie jirani, wala usiweke akiba ya siku nyingine. Hakikisha mtoto amepata chanjo zote, kwani asiyeugua hahitaji dawa. Ukienda kumjulia hali mgonjwa, nawa mikono kabla ya kumshika na baada ya kumshika, na usikae kitandani mwake.

Na kuna swali moja ambalo mzazi ana haki ya kuliuliza kwa adabu mtoto wake anapolazwa akiwa na homa kali: "Daktari, damu yake imechukuliwa ikaoteshwe?" Katika hospitali nyingi jibu litakuwa kwamba hakuna maabara ya kufanya hivyo. Jibu hilo tulipeleke kwa mwakilishi wetu wa wadi na kwa gavana wakati bajeti ya afya ya kaunti inapojadiliwa, kwa kuwa kisahani cha agari, chupa ya damu na fundi mwenye rula si gharama ya kuishinda kaunti iliyoamua.

Tena tusiridhike na maabara peke yake. England ilihesabu kwa miaka mitatu na maambukizi yakazidi kupanda, mpaka hesabu zilipopata mwenyewe. Siku ambayo hospitali ya kaunti yako itabandika mlangoni idadi ya wagonjwa walioshikwa na viini sugu mwezi uliopita, pamoja na jina la mkubwa anayepaswa kuulizwa, usiikimbie hospitali hiyo. Hiyo ndiyo ya kumpelekea mwanao.